Roho Arobaini, Tumbo Moja

Kilosa, nyuma ya stesheni
20 Februari 1977

Kwa mpwa wangu Lukasi,

Salamu utazikuta mwishoni, kama zitakuwa zimebaki. Mimi naanza na shauri.

Utingo wa basi ameniletea barua yako jana. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimekaa, ya pili nimesimama. Unaniambia askari wangu wote thelathini, niliowaweka ndani ya ngome ya mawe kulinda daraja, wameuawa na mtu mmoja. Mtu mmoja, Lukasi! Na habari hiyo umeichomeka kati ya mvua na kuadimika kwa sukari, kana kwamba ni mbuzi wa jirani aliyekata kamba.

Nikukumbushe tulikoanzia, maana naona kukaa barabara kuu kumekupunguzia kumbukumbu. Krismasi ulikuja hapa, ukakaa kwenye kigoda changu, ukala muhogo wangu, ukanieleza mchezo huu. Ulisema yule mzungu wa kujitolea aliyepanga kwenye gesti unayofanyia kazi, alipoondoka alikuachia kijitabu na dadu. Kwamba Jumapili mchana mnakaa mezani, kila mmoja anajifanya mtu wa nchi ya kubuni yenye wachawi na majoka. Wewe ndiye mwamuzi. Unawasimulia kilicho mbele yao, wao wanasema wanafanya nini, na dadu inaamua kama wameweza. Nikasema mchezo mzuri, unafanana na hadithi za bibi yako, ila bibi yako hakuhitaji dadu.

Ukaniambia wenzako wote wamejichukulia mashujaa. Huyu wa nyundo, huyu wa upinde, huyu mchawi wa radi. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa askari wa kawaida, kwa hiyo ngome ilikuwa haina walinzi. "Mjomba," ukasema, "wewe ulikuwa Keya, askari wa Mwingereza, umepigana Burma, chukua askari, utacheza kwa barua." Nikawachukua. Nikakuandikia kurasa tatu nzima: nani alinde lango, nani apike, nani alale, mitaro ipite wapi. Kurasa hizo ulizisoma, au ulifungia karanga?

Sasa naambiwa rafiki yako Ulimboka, dereva wa lori la Tunduma, alifika na shujaa wake anayeitwa Nyundo Kuu, akasema, "Nawafyeka wote," wakafyekwa. Unaongeza, kwa ukarimu, kwamba kitabuni Nyundo Kuu ana roho arobaini na kila askari wangu ana roho moja. Roho arobaini! Paka mwenyewe, pamoja na ujanja wake wote, tumempa saba.

Joka la kutema moto nililikubali bila ubishi. Joka ni joka, lina haki ya kuzidi. Lakini mtu aliyezaliwa na mwanamke, anayefunga mkanda kama mimi, amezipata wapi roho thelathini na tisa za ziada? Kapewa na nani? Nataka maelezo.

La pili. Dada yangu, yaani mama yako Magreti, ameniletea habari ya Odilia, binti wa Mzee Mathayo fundi pancha. Amesema mzee huyo anataka kuniona mimi kabla ya Pasaka, maana kwetu Wasagara mtoto ni wa mjomba, na posa isiyo na mjomba ni matembezi tu. Nimesikia. Tutaligusa hilo baada ya hili la ngome.

Salamu hazikubaki.

Mjomba wako,
Kasian


Mikumi
26 Februari 1977

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama tangu mwanzo.

Naomba radhi kwa namna nilivyoandika. Lakini kuhusu vita vyenyewe, mjomba, mimi ni mwamuzi tu, siwezi kuegemea upande wa ndugu. Dadu zilitupwa. Nilizitupa mwenyewe nyuma ya sinia nililolisimamisha mezani, kama mwamuzi anavyotakiwa, ili wachezaji wasizione, na zilikuwa mbaya kwa upande wako kutoka mwanzo mpaka mwisho. Bahati haina mjomba.

Na hizo roho arobaini si upendeleo. Kitabu kinasema mtu akianza mchezo anakuwa na roho chache, na kila akipita hatari anaongezewa. Ulimboka amecheza tangu siku ya kwanza. Ameua zimwi la pango, amevuka mto wa damu, amefanya mengi. Askari ni watu wa kujazia tu. Wapo ili shujaa aonekane ni shujaa. Bila wao angempiga nani?

Mjomba, nakuomba haya mambo mawili yasichanganyike. Mzee Mathayo karakana yake iko kando ya barabara, siwezi kwenda popote bila kumpita. Juzi alinikamatia gurudumu la baiskeli.

"Kijana, huyo mjomba wako ana miguu?"

"Anayo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi mwambie aitumie. Ikipita Pasaka, mimi nina wageni wengine."

Hao wageni wengine nimewasikia. Ni watu wa Iringa, na wana mashine ya kusaga. Mjomba, mimi na Odilia tumesubiriana tangu masika ya mwaka juzi. Nakuomba uje.

Mpwa wako mtiifu,
Lukasi


Kilosa
4 Machi 1977

Lukasi,

Marahaba.

"Watu wa kujazia." Nimeyakata maneno hayo kwa wembe nikayabandika juu ya kitanda, ili kila nikiamka nijue mpwa wangu ananihesabu kama nini.

Mimi nilikuwa mtu wa kujazia. Miaka mitatu nimejazia jeshi la Mfalme wa watu. Tulikuwa na ofisa mmoja ambaye aliteka kilima chenye bunduki ya rashasha, akakiteka peke yake, na alipewa nishani iliyosema hivyo. Peke yake, pamoja na sisi watu sitini. Mimi nilibeba maji. Mwenzangu kutoka Msowero alibeba risasi. Mwingine alimbeba yule ofisa mwenyewe wakati wa kushuka, maana alikuwa ameteguka kifundo. Sikatai kwamba alikuwa jasiri. Alikuwa na roho moja kama sisi, na alitangulia. Ninachokataa ni kwamba zile roho sitini zilizomfuata nyuma ziliandikwa kama nyasi.

Na hapa ndipo ninapokuja kwenye hoja, ukae vizuri. Ushujaa gani huo wa mtu mwenye roho thelathini na tisa za akiba? Mtu huyo akiruka mbele ya mikuki anahatarisha nini? Ni kama tajiri anayetoa sadaka ya kitumbua. Askari wangu pale langoni, mwenye roho yake moja, anayeliona jitu lile linakuja na bado anashika mkuki, huyo ndiye shujaa, na kitabu chako hakimjui hata jina. Mimi Burma niliogopa kuanzia asubuhi mpaka giza, na kesho yake nikaenda tena. Kitendo hicho cha kwenda tena kinaongezewa roho ngapi katika mchezo wenu?

Katibu wetu wa kijiji kila mkutano anatufundisha kwamba binadamu wote ni sawa. Anafundisha yeye akiwa kwenye kiti na sisi chini, lakini angalau anatamka. Wewe hata kutamka umeshindwa. Nchi nzima inahangaika kuondoa mabwana, na mpwa wangu anafuga wengine mezani.

Hukumu yangu ni hii. Vita vya ngome virudiwe, kwa kufuata maagizo yangu, dadu zitupwe moja moja, kila askari kwa zamu yake. Vikirudiwa, nitakuja Mikumi nikiwa nimevaa kanzu na koti. Visiporudiwa, Mzee Mathayo ana haki ya kudhani kwamba sina miguu.

Kasian


Mikumi
10 Machi 1977

Mjomba, shikamoo.

Haiwezekani. Ulimboka amekwisha kupita daraja, mchezo uko mbele huko milimani. Nikimrudisha nyuma, atasusa. Naye ndiye anayenitafutia sabuni na kila kitu kisichopatikana hapa.

Tena, mjomba, kwa heshima zote: ni mchezo. Mashujaa wetu ni vifuniko vya soda. Askari wako ni punje za mahindi nilizozichota jikoni. Hakuna aliyekufa. Kuku wa gesti waliwala siku ileile na wanaendelea vizuri.

Nakusihi usiniharibie maisha kwa ajili ya punje za mahindi. Pasaka ni mwezi ujao.

Lukasi


Mikumi
13 Machi 1977

Kwa Mzee Kasian,

Shikamoo, mzee wangu.

Najua si adabu msichana anayetajwa katika posa kumwandikia mjomba wa mwanamume. Mama akijua atanitoa masikio. Lakini barua zako Lukasi huzisoma jikoni kwetu kwa sauti ili tumwonee huruma, na mimi sikuona huruma, niliona wewe una haki. Kwa hiyo nimekosa adabu, nisamehe, niendelee.

Mimi ndiye mpishi wa gesti. Jumapili ile nilikuwepo mezani, nilikuwa napeleka chai. Dadu hazikutupwa.

Ilikuwa hivi. Ulimboka alifika kwenye daraja lako. Utingo wake akapiga honi nje, lori lilikuwa limekwisha kujazwa maji na walitaka kuupita mlima kabla ya mvua. Ulimboka akasema, "Lukasi, fanya haraka, mimi naondoka." Lukasi akauliza, "Unawafanyaje askari?" Akajibu, "Nawafyeka wote." Lukasi akatazama barua yako ya kurasa tatu, akatazama mlango, kisha akaweka kiganja mezani akazikumba punje zote kwenye kopo la maziwa, hivi, kama mtu anayefuta makombo. "Wamefyekwa," akasema. Wakacheka, Ulimboka akaenda zake.

Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nikamimina chai, nikadhani ni mambo yao ya wanaume. Lakini alipokuandikia kwamba dadu zilitupwa nyuma ya sinia, hapo ndipo nilipokasirika, na hasira hiyo bado ninayo hata ninapoandika haya. Sikasiriki kwa ajili ya mahindi. Lile sinia, mzee, anayeona nyuma yake ni yeye peke yake. Akisema dadu imeanguka sita, ni sita. Nyumba nayo ina sinia lake. Mume akirudi na kuniambia hivi ndivyo ilivyokuwa, mimi nitajuaje? Nimpendaye ni huyuhuyu, sina mwingine, na hao wa Iringa wakae na mashine yao. Ila sitaolewa na mtu anayekumba watu kwa kiganja kisha akasingizia bahati.

Baba amekubali kukupokea. Mimi bado. Nitakubali siku nitakayomwona Lukasi anatupa dadu inayomuumiza mwenyewe na anaiacha ilivyoanguka.

Nimemwambia atarudia vita, la sivyo chai ya Jumapili waende wakanywe kwa kuku. Amekubali kwa shingo upande. Askari wako nitawacheza mimi. Nielekeze: wewe ungeilindaje ngome ile dhidi ya mtu mwenye roho arobaini?

Ni mimi,
Odilia Mathayo


Kilosa
17 Machi 1977

Binti yangu Odilia,

Marahaba. Adabu yako imefika yote, haikupungua hata chembe.

Nilipomaliza kusoma nilizunguka nyumba mara kadhaa ndipo nikaweza kukaa. Kwa hiyo wanangu wale hawakuuawa hata kwa uongo wa heshima. Waliuawa kwa honi! Nimeona mengi jeshini, lakini honi bado.

Sasa sikiliza. Usipigane naye. Hilo ndilo kosa ambalo mashujaa wanatuombea kila siku tulifanye, tutoke uwanjani tujipange mbele yao tufyekwe vizuri. Mtu mwenye roho arobaini usimtafute kwenye roho, huko amejaa. Mtafute kwenye tumbo. Roho arobaini, tumbo moja.

Muulize mwamuzi maswali haya, kwa upole, kama unayeuliza bei ya dagaa. Nyundo Kuu anakula nini? Nani anambebea? Hema lake nani analikunja asubuhi? Nani anakesha yeye akilala, au shujaa halali? Mimi nilimbebea mtu maji mlimani, najua: nyuma ya kila jitu kubwa kuna msururu wa watu wadogo wenye mizigo kichwani, na kitabuni hawamo. Ukiwapata hao, zungumza nao. Ni ndugu zetu. Waambie ngomeni kuna ugali na maharage, na hakuna atakayewaita watu wa kujazia.

Halafu funga lango. Ondoa mbao za daraja zinazoondoka. Punda na nafaka viingie ndani. Akija kutukana, kaeni kimya, matusi hayabomoi ukuta. Akilala, pigeni debe. Akiamka, nyamazeni. Na kile kijitabu kikague mwenyewe. Lukasi anapenda kusema kitabu kinasema. Mtu anayependa kusema hivyo mara nyingi kuna kurasa ameziruka. Tafuta kinasemaje juu ya njaa.

Kuhusu hilo la sinia sina la kukuongezea. Mimi ni mjomba wake, napaswa kumtetea. Nimejaribu tangu asubuhi, nimeshindwa. Mtazame tu, na utakachokiona niambie, kiwe kizuri au kibaya. Sitakanyaga Mikumi kuomba kitu ambacho mwenyewe hujakitoa.

Mzee wako,
Kasian


Mikumi
21 Machi 1977

Mjomba, shikamoo.

Umenifanyia nini? Nilidhani nina mjomba mmoja na mchumba mmoja, kumbe nina chama cha upinzani! Jana Odilia amekaa mezani na ushungi kichwani, mpole kama anasali, akaanza: "Samahani mwamuzi, shujaa anakula nini?" Nikasema anakula, sijui, nyama. "Nani anambebea?" Nikasema wapagazi. "Wangapi? Wana majina?" Saa nzima, mjomba, tunatafuta majina ya wapagazi! Ulimboka anapiga meza: "Bibie, mimi nimekuja kupigana!" Naye anamjibu, "Pigana, kaka, nani amekushika?"

Wapagazi wakahamia ngomeni. Lango likafungwa. Ulimboka akapiga ukuta kwa nyundo, ukuta ni wa mawe. Akatukana, hakuna aliyejibu. Akasema atalala, Odilia akachukua sufuria na mwiko, akaipiga palepale mezani mpaka wageni wa gesti wakatoka vyumbani wakidhani kuna moto.

Halafu akafungua kijitabu. Alisoma kwa masista mpaka kidato cha pili, sikujua kama Kiingereza kimebaki. Kumbe kuna ukurasa unasema mtu asiyekula hupungukiwa roho kila siku ipitayo. Kweli upo. Sikuwahi kuusoma kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na njaa katika mchezo wangu. Siku zikahesabiwa, na Nyundo Kuu akazimwaga roho zake mojamoja kama gunia lililotoboka. Jioni alikuwa na moja. Moja! Aliyeua zimwi la pango amekaa nje ya lango anaomba ukoko.

Ulimboka alisimama akaniambia mbele ya watu, "Lukasi, hawa wamekuoa wewe." Akaondoka bila kuaga. Sabuni sitaiona tena. Na huo upande wako wa haki, mjomba, haukutupa dadu hata moja, mmeshinda kwa kupika!

Kuhusu ile Jumapili ya kwanza, Odilia ameniambia alichokuandikia. Ni kweli. Tutaonana uso kwa uso, kama utakuja.

Lukasi


Mikumi
28 Machi 1977

Mzee wangu Kasian, shikamoo.

Uliniomba nikuambie nilichokiona. Nakaa chini kuandika kabla sijaosha vyombo.

Ulimboka alirudi jana. Alisema amepita tu kuchukua kofia yake, kofia ilikuwa kichwani. Nikamwambia, "Kaka, askari wamepiga kura. Hawakuui. Karibu ndani, ugali upo, mkuki huu hapa, zamu yako langoni." Nikakichukua kile kifuniko chake cha soda nikakiweka pembeni, nikampa punje ya mahindi. Aliitazama kama amepewa jino la mtu. Akasema, "Roho ngapi?" Nikasema, "Moja, kama sisi." Wenzake wakacheka sana. Yeye akaketi.

Mzee, laiti ungemwona. Huyu ndiye mtu wa "nawafyeka wote." Lukasi akasimulia kwamba joka limeonekana ng'ambo ya mto, linakuja kufuata moshi wa jiko letu. Ulimboka akasema, "Naomba nichungulie kwanza." Akauliza upepo unatoka wapi. Akauliza jiwe lililo karibu na lango lina upana gani, mtu mnene anaenea? Jasho lilikuwa linamtoka kwelikweli, akawa anajipangusa kwa ile kofia. Utingo wake alikuja kupiga honi, Ulimboka akafungua dirisha akamfokea, "Zima hilo, utawaua watu huku!"

Joka likafika kichwa cha daraja. Kamba iliyobaki inayoshikilia daraja ilikuwa upande wa nje, na ikikatwa daraja linaanguka nalo. Nikauliza nani anatoka. Hao mashujaa wengine wawili, wa upinde na wa radi, wenye roho zao ishirini ishirini, walikuwa wamejificha ghalani, mmoja akasema anasubiri nafasi nzuri. Ulimboka aliiweka kofia yake mezani. Kisha akaisukuma punje yake kwa kidole, taratibu, ikavuka mstari wa chaki ambao ndio lango. "Naenda mimi," akasema. "Lakini naogopa, mjue."

Lukasi alisema kamba imekatika. Daraja limeanguka, na joka pamoja nalo. Tukapiga kelele. Kisha akasema, "Bado nitupe, tuone kama yeye amewahi kurudi." Akaipeleka dadu nyuma ya sinia, akaitupa.

Mimi sikuitazama dadu, nilimtazama yeye. Aliiona. Uso wake ulibadilika, nikajua imekuwa mbaya. Ulimboka alikuwa anamwangalia, mzee, macho yale huwezi kuyaeleza, dereva mzima ameshika ukingo wa meza kama anashuka mteremko bila breki. Na hakuna aliyekuwa anajua isipokuwa Lukasi. Angesema tu "amewahi," tungeshangilia, Ulimboka angemkumbatia, sabuni ingerudi. Na mimi nisingejua kamwe. Aliinua macho akanitazama, nikageuza uso pembeni makusudi ili asisome kitu kwangu.

Akaliinua sinia juu, akaliweka chini ya meza. Dadu ikabaki peupe. Ilikuwa moja.

"Hakuwahi," Lukasi akasema. Dadu akaiacha ilivyoanguka.

Ulimboka akaishika ile punje yake. Baadaye akauliza, "Alikuwa anaitwa nani, askari huyu?" Maana tulikuwa hatujampa jina. Lukasi akasema, "Chagua wewe." Akachagua la babu yake wa Tukuyu, nasi tukasimama kidogo, watu wazima, kwa ajili ya punje ya mahindi. Wageni waliokuwa wanakula wali pale walituona vichaa.

Kuanzia jana Lukasi ananisalimia kwa hofu, hajui ninawaza nini. Sijamwambia. Nimeona nikuambie wewe kwanza, maana ndivyo utaratibu ulivyo: mimi nimekubali. Njoo.

Odilia


Kilosa
31 Machi 1977

Lukasi,

Nimefika Jumamosi, yaani nitakuwa nimefika, kwa basi la asubuhi, nikiwa na mama yako, koti langu, na miguu yote miwili. Mwambie Mzee Mathayo anaweza kuikagua.

Usidhani hasira yangu imeisha. Jambo la ile Jumapili ya kwanza tutalizungumza mimi na wewe, nyuma ya gesti, kabla sijaingia kwa watu. Halitachukua muda mrefu, na wewe hutasema mengi. Hao mashujaa wawili waliojificha ghalani nao nitataka kuwaona.

Posa inahitaji mshenga. Mama yako amependekeza mwalimu wa dini, anasema ana ulimi mzuri. Nimekataa. Mtu mwenye ulimi mzuri atamwambia Mzee Mathayo kwamba wewe ni simba na mwana wa simba, na yule mzee amerekebisha matairi ya simba wengi. Namtaka Ulimboka. Akivuka kizingiti kile atakuwa anatetemeka, atachungulia kwanza, na atakayoyasema juu yako yatakuwa yale aliyoyaona mwenyewe kwa macho yake, sinia likiwa chini ya meza.

Mwambie avae viatu.

Mjomba wako,
Kasian